Kutoka Marangu hadi Mto wa Mbu: safari ya kufuata vinundu

Jumatatu, Marangu

Mvua za vuli zimepita na mwamba-ngoma umetoa majani mapya. Ndiyo sababu tumekuja Desemba, wakati wa likizo. Tungekuja Septemba tungeukuta umepukutisha majani yote, umebaki na maua yake mekundu na ndege chozi wanaoyagombea. Vinundu, yaani vivimbe ambavyo mdudu huufanya mmea uviote, havianzi kwenye jani lililokomaa. Mdudu anayevileta hutafuta chipukizi, mahali ambapo seli za mmea bado zinagawanyika, kwa kuwa kazi yake yote ni kuzielekeza seli hizo zigawanyike kwa faida yake.

Tuko wawili: mimi, mwalimu wa baiolojia sekondari, na mdogo wangu wa kike ambaye ni afisa ugani. Uhusiano wa viumbe nimeufundisha kwa mifano ileile kila mwaka, simba na swala, kupe na ng'ombe, na kila mara nimehisi kwamba naacha nje ule unaoshangaza kuliko yote. Wapo wadudu, wengi wao nyigu, nzi na vidukari, ambao huufanya mmea uwajengee chumba na kuwaandalia chakula humohumo ndani. Jike hutaga yai kwenye jani au chipukizi, na pamoja na yai huingiza majimaji kidogo. Buu akianguliwa anaendelea kutoa kemikali zake. Mmea hujibu kwa kuvimba mahali pale, na uvimbe huo hupata umbo, rangi na unene kulingana na mdudu aliyeingia. Mtu aliyezoea akikitazama kinundu anajua ni cha nani hata kabla ya kukipasua. Mjenzi ni mmea, ila ramani ya nyumba ni ya mdudu.

Jambo ninalotaka kulitazama katika safari hii ni moja. Kinundu kwa kawaida huelezwa kama habari ya wawili, mdudu na mti. Mimi naamini ni habari ya watatu. Huyo wa tatu, adui wa mdudu, ndiye anayewawezesha wale wawili kuishi pamoja kwa vizazi visivyohesabika, kila mmoja akimbadilisha mwenzake bila kummaliza.

Mwenye shamba tulilofikia ni mzee wa miaka themanini na kitu. Mwamba-ngoma wake uko kwenye mpaka, nyuma ya migomba na kahawa, gome lake nene limepasukapasuka na kujaa miiba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mnatafuta magome ya dawa?"

Mdogo wangu akamweleza kwamba tunatafuta majani yenye ugonjwa. Mzee akautazama mti wake, akatutazama sisi. "Huu hauna ugonjwa," akasema, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ilibidi tuuzunguke mti mzima, tuvute matawi kwa upembo, ndipo tukapata jani lililojikunja, kikonyo chake kimevimba na kuwa kigumu.

Nilikipasua kikonyo kwa wembe mpya juu ya kifuniko cha ndoo, nikaweka lenzi ya mkono. Ndani kulikuwa na nyama ya kijani iliyopauka, na katika nyama hiyo vyumba vidogo vya mviringo, kila kimoja na buu wake mweupe, asiye na miguu, aliyejikunja akagusa ukuta pande zote. Ukuta wenyewe ulikuwa na unyevu unaong'aa. Hicho ndicho chakula: tabaka la seli laini zenye virutubisho ambalo mmea usingelitengeneza hapo kama mdudu asingekuwepo. Kwenye kona moja vyumba vitatu vilikuwa vimekuwa kimoja. Kuta za katikati zilikuwa zimetafunwa, wenye vyumba viwili wamebaki ngozi tupu, na humo alilala buu mmoja mnene mwenye taya za kahawia. Huyo hakuja kula mti. Alikuja kuwala wanaoula mti.

Mzee alikuwa ameinama pamoja nasi. Nikamwambia kwamba kwa ajili ya wadudu kama huyu mnene, wataalamu walikuja Tanzania kutoka Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Jamii ya mwamba-ngoma imeenea katika nchi nyingi za joto, na Hawaii wana mti wao wa jamii hiyo, wiliwili, ambao hauoti kiasili mahali pengine popote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 miti ya jamii hii ilianza kuvimba huko Mauritius, Réunion na Singapore. Aliyekuwa akiivimbisha ni nyigu wa milimita moja na nusu hivi, ambaye sayansi ilikuwa haijampa hata jina. Akaitwa Quadrastichus erythrinae mwaka 2004. Mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Hawaii. Miti ilitoa majani, yakavimba, yakapukutika. Ikatoa mengine, yakavimba nayo. Mti unaorudia hivyo mara kadhaa hutumia akiba yake yote ya shina na mizizi, kisha hufa, na kwa maelfu ndivyo ilivyokufa.

Nyigu huyo asili yake ni Afrika, na wataalamu wa Hawaii walitumia akili: walikuja Afrika kumtafuta adui yake. Mwaka 2006, hapa Tanzania, walimpata nyigu mwingine aliyekuja kuitwa Eurytoma erythrinae. Buu wake hula mwenye chumba, akavunja ukuta, akaingia chumba cha jirani. Baada ya kumfanyia majaribio karantini kuhakikisha hatageukia wadudu wengine, walimwachia huru Hawaii Novemba 2008, na wiliwili zilizokuwa hai zikaanza tena kutoa majani yaliyonyooka.

"Kwa hiyo dawa yao ilikuwa kwenye miti yetu," mzee akasema.

"Ndiyo, babu. Na ndiyo maana huu wako hauna ugonjwa."

Usiku, tukiwa tumefikia kwa shangazi, mdogo wangu aliuliza swali ambalo nilitamani mwanafunzi aniulize: kama kinundu kinene kinamkinga buu, mbona vyote havijawa vinene? Mfano bora ninaoujua uko Marekani. Kuna nzi, Eurosta solidaginis, anayefanya shina la magugu ya maua ya manjano ya jenasi Solidago livimbe na kuwa tufe. Warren Abrahamson na Arthur Weis walimchunguza kwa miaka mingi huko Pennsylvania. Nyigu mmoja wa jenasi ileile ya Eurytoma humfikia buu kwa sindano yake ya kutagia, lakini sindano ina urefu wake. Tufe likiwa nene, haifiki. Kwa hiyo nyigu humaliza walio kwenye matufe madogo. Majira ya baridi yakija, ndege vigogota nao hupasua matufe wapate buu, na wao hupendelea makubwa kwa kuwa yanaonekana kwa urahisi. Anayesalia mpaka msimu wa maua ni yule wa katikati. Ukubwa wa kinundu umewekwa na mmea unaovimba, nzi anayeuvimbisha, nyigu anayechoma na ndege anayedonoa, wote kwa pamoja, na ukiwaondoa ndege mahali fulani, baada ya vizazi vya kutosha unaweza kutarajia matufe yanenepe.

Jumanne, Usa River

Siku ya barabarani. Tuliteremka hadi Moshi, tukapanda Coaster ya Arusha, tukashuka njiani kwa mkulima anayeuza nguzo za karatusi. Sina mengi ya kusema kuhusu karatusi, lakini unaonyesha kinachotokea pale ambapo wa tatu hayupo.

Karatusi ni mti wa Australia. Kenya waliuleta mwaka 1902 upate kuwa kuni za treni ya reli ya Uganda, na hapa Afrika Mashariki uliishi karne nzima karibu bila adui. Mwaka 2002 magharibi mwa Kenya majani machanga yalianza kutoka vinundu kwenye mshipa mkuu na vikonyo, na Uganda na Tanzania zikafuata. Mdudu ni nyigu wa milimita moja na kidogo, Leptocybe invasa, Mwaustralia pia. Majike huzaa majike bila kuhitaji dume, kwa hiyo mmoja tu aliyesafiri ndani ya mche anatosha kuanzisha ukoo. Kwao Australia wala hakuwa maarufu. Alielezwa kisayansi mwaka 2004, baada ya kuharibu miti ya watu ng'ambo, kwa sababu nyumbani alikuwa ameshikwa pande zote na nyigu wengine wanaotaga ndani ya mabuu wake.

Mkulima alituonyesha mistari miwili ya miche iliyopandwa wiki moja. Mmoja ulikuwa na vinundu vya kijani na vya waridi, vingine vimeshakuwa vya kahawia na vina vitundu vya kutokea. Mstari wa pili, wa mbegu nyingine, ulikuwa safi kabisa. Nyigu hutua huko pia, lakini mti huo haumjibu. Mdogo wangu alimshauri aache kununua miche ya mstari wa kwanza, kwa bei yoyote ile. Ushauri mzuri, ingawa ni wa muda, maana mti usiojibu leo unampa nyigu sababu ya kubadilika. Afrika Kusini wameenda mbele zaidi: mwaka 2012 waliachia Selitrichodes neseri, adui aliyetoka Australia.

Jumatano, kati ya Monduli na Makuyuni

Tumeingia nyanda za udongo mweusi, ule unaonata kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa mzito. Hapa ndipo penye migunga mifupi yenye nundu nyeusi, ambayo Wamasai huiita eluai. Chini ya miiba yake mirefu kuna matufe yaliyo wazi ndani, yana vitundu, na upepo ukipita kwenye vitundu hivyo nyanda nzima inapiga mluzi. Tulisimama kuusikiliza. Ni sauti nyembamba isiyokatika, inapanda na kushuka kadiri upepo unavyobadilika.

Nimeuweka mti huu katika safari kwa sababu nundu zake hazitokani na mdudu, ingawa kila anayeziona hudhani hivyo. Zamani wanasayansi walibishana kama sisimizi waishio humo ndio wanaozisababisha. Hapana. Ukipanda mbegu mahali pasipo na sisimizi hata mmoja, miiba huvimba vilevile. Mti wenyewe umebeba maelekezo ya kujenga nyumba ya wageni katika urithi wake, unaijenga kabla hawajafika, na unawawekea na utamu kwenye tezi za majani. Kwa malipo hayo sisimizi humshambulia anayekuja kula majani.

Niligusa tawi kwa ncha ya kalamu. Kabla sijahesabu hadi tano walikuwa wameshatoka, wekundu na weusi, mkia wameuinua juu, na harufu kali ikaja. Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akipita na mbuzi wake alicheka, akatuambia twiga hula hapa kidogo, pale kidogo, hakai mti mmoja.

"Na mbuzi, yeyo?"

"Wadogo wanajaribu. Wakubwa wameshajifunza."

Huko Laikipia, Kenya, Todd Palmer na wenzake walichapisha mwaka 2008 jambo ambalo kila mpenda mbuga anapaswa kulijua. Katika maeneo yaliyozungushiwa uzio tangu 1995 tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie, mtu angetegemea miti inawiri kwa kuwa hakuna anayeila. Miti ilipunguza utamu na kupunguza nundu, kwa kuwa haikuhitaji tena walinzi wengi. Sisimizi walinzi wakadhoofika, wakapokonywa miti na aina nyingine, Crematogaster sjostedti, ambao hawakai kwenye nundu. Hao hukaa kwenye matundu ya mbawakawa wenye papasi ndefu (vipapasio vya kichwani) wanaotoboa shina, kwa hiyo mbawakawa wakizidi wao wananufaika. Miti iliyopumzishwa na tembo ikaanza kukua polepole zaidi na kufa kwa wingi zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa.

Hapo tena yuko wa tatu. Tembo ndiye aliyekuwa akiushikilia urafiki wa mti na sisimizi, kwa kuula mti. Mdogo wangu alinyamaza muda, akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini uzio peke yake haujawahi kuponya malisho. Sikubaliani naye moja kwa moja, malisho yana mambo mengine, ila nilifurahi kuona anaufikiria mti kwa namna hiyo.

Alhamisi, Mto wa Mbu

Nimeifikiria siku hii tangu tuondoke nyumbani. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa maji yanabubujika kutoka ardhini, na mahali penye maji hayo pana mikuyu, mikubwa kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Makuyu hayakai kwenye ncha za matawi. Yametoka kwa vichala kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene, na chini ya mti pameenea yaliyoanguka, harufu yake tamu, nzi wengi, nyayo za nyani.

Kila anayefahamu kuyu ameshalipasua akakuta wadudu. Wengi hulitupa. Lakini kuyu si tunda la kawaida, ni kikapu cha maua kilichofungwa, mamia kwa mamia ya maua yametazama ndani, na mlango ni tundu dogo mbele lililozibwa kwa magamba yanayobanana. Na wale wadudu hawakuingia kuliozesha. Kila mmoja wao amekua ndani ya kinundu. Ovari ya ua moja imechomwa, ikavimba, badala ya mbegu ikalea nyigu. Mkuyu hauna namna nyingine ya kupata mbegu isipokuwa kwa kuwapa nyigu hawa sehemu ya maua yake, na nyigu hawana mahali pengine pa kuzaliwa. Mafungamano haya ya mitini, yaani miti ya jamii ya mkuyu, na nyigu wake yana umri wa takriban miaka milioni 75, na leo yanahusisha aina za mitini zaidi ya 700, nyingi kati yake zikiwa na nyigu wake maalumu.

Nyigu wa mkuyu ni Ceratosolen arabicus. Jacob Galil na Dan Eisikowitch walimfuatilia hapa Afrika Mashariki, wakachapisha kazi yao mwaka 1968. Jike huja na chavua ndani ya mifuko miwili iliyo kifuani. Hujipenyeza kwenye magamba ya mlango, na njia ni nyembamba kiasi kwamba mabawa hung'oka na papasi hukatika. Hatatoka tena. Ndani hutembea juu ya maua, anachoma sindano kupitia shingo ya ua moja moja, anataga, na wakati huohuo anatoa chavua mfukoni kwa miguu ya mbele na kuipaka juu ya maua. Hii haitokei kwa bahati. Ana vichanio maalumu miguuni kwa kazi hiyo. Kisha hufia humo.

Tulikata kuyu changa lililotoka kupokea wageni wake. Kwenye mlango, katikati ya magamba, bawa moja linalopitisha mwanga lilikuwa limenasa. Ndani, mama mwenyewe, mkavu tayari, mguu mmoja bado umeshika ua. Nilimpa lenzi kijana anayetuongoza, mzaliwa wa hapa aliyekula makuyu tangu utotoni. Alitazama muda mrefu mpaka mdogo wangu akaomba zamu yake.

Nikamwonyesha jambo la pili. Maua hayana shingo za urefu mmoja. Yenye shingo fupi, ovari zake ziko karibu na uwazi wa katikati. Yenye shingo ndefu, ovari zake zimeegemea ukuta. Nyigu hutaga zaidi kwenye zile fupi, na zile ndefu ndizo zinazobaki kuwa mbegu. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba sindano haifiki, basi. Lakini nyigu wengi wana sindano inayotosha kufika, kwa hiyo swali likabaki: kwa nini hawayamalizi maua yote? Mwaka 2008 watafiti waliochunguza mtini mmoja wa Australia, Ficus rubiginosa, walitoa jibu lililonifanya nisilale. Nje ya kuyu wapo nyigu wengine, vimelea, ambao hawaingii. Wao hutoboa ukuta kutoka nje kwa sindano ndefu na kutaga kwenye vinundu vilivyo karibu na ukuta. Buu aliye katikati yuko mbali, hafikiwi. Aliye pembeni huliwa. Jike anayetaga pembeni anapoteza watoto, na ukoo unaoendelea ni wa wale wanaopendelea katikati. Maua ya pembeni yakaachwa, yakawa mbegu. Yaani mtini ule unapata mbegu kwa msaada wa maadui wa mchavushaji wake.

Ukisimama chini ya mkuyu mchana unaweza kuwaona wa hapa wanaofanya kazi kama hiyo. Jike ametua juu ya kuyu la kijani, amenyanyua mwili, sindano ndefu kuliko mwili wake imezama ndani ya ukuta, hatikisiki. Baadhi yao huanzisha vinundu vyao wenyewe, wengine ni vimelea wa vinundu vya wenzao. Sisimizi wanapita huku na huku juu ya makuyu, na wanapomkuta aliyezamisha sindano, hawezi kuichomoa haraka.

Ukarimu wa mkuyu una wanaoutumia vibaya. Ceratosolen galili, aliyeitwa hivyo kwa heshima ya Galil, huingia kwa mlango uleule, hutaga vilevile, lakini hapaki chavua. Mababu zake walikuwa wachavushaji. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba yeye si ndugu wa karibu wa arabicus, maana yake uvivu wake haukuanzia ndani ya mkuyu. Alihamia kutoka mtini mwingine. Mitini mingine ina njia za kujilinda: huko Panama ilionyeshwa mwaka 2010 kwamba miti hudondosha matunda ambayo nyigu wameingia bila kuchavusha, na watoto wao hufa nayo.

Misri na Mashariki ya Kati mkuyu ulipelekwa na watu tangu zamani za mafarao, lakini arabicus hakwenda nao. Aliyefika ni Sycophaga sycomori, anayeingia na kutaga bila kuchavusha, kwa hiyo mikuyu ya huko ilijaa vinundu na haikuwa na mbegu hata moja. Waliizidisha kwa kupanda vipande vya matawi. Tena waligundua kwamba kuyu changa likichanjwa kwa kisu huiva baada ya siku chache, kabla nyigu hawajakomaa, kwa kuwa kidonda hulifanya litoe gesi ya ethilini. Picha za makuburi ya Misri zinaonyesha makuyu yenye alama za chanjo, na nabii Amosi aliyejitambulisha kuwa mtunza mikuyu alikuwa mtu wa eneo hilohilo, mwenye miti iliyobebwa na mikono ya watu kizazi hadi kizazi.

Ijumaa, Mto wa Mbu

Tulikuwa chini ya mti kabla jua halijatoka juu ya tambarare. Kijana alishaweka alama makuyu yaliyoanza kulainika, tukakata moja.

Madume walikuwa kazini. Hawana mabawa, macho yao ni madogo, rangi ya kaharabu, wanatambaa kwenye uwazi wa katikati kutoka kinundu hadi kinundu. Dume hutafuta chenye jike, hukitoboa, humpanda jike akiwa bado amefungwa humo. Wakimaliza, hukusanyika na kutafuna njia ya kutokea nje. Katika mtini mtakatifu wa India, Galil na wenzake walionyesha mwaka 1973 kwamba ndani ya tunda lililofungwa kabonidayoksaidi huzidi. Madume huimudu, majike huduwaa. Tundu likifunguka hewa hubadilika, majike huamka. Basi kazi ya madume ndiyo saa ya kuamshia majike, na wao wenyewe wengi huanguka nje ya tundu na kuishia kwa sisimizi.

Kuyu la jirani lilikuwa limeshatobolewa. Tuliliacha mtini tukatazama. Jike mmoja alitoa kichwa, akarudi, akatoka. Kabla ya kutoka huwa ameshapita kwenye maua ya kiume, ambayo hukomaa wakati huo tu, akajaza mifuko yake ya kifuani. Alipanda juu ya kuyu, akasafisha papasi, akaruka. Nyuma yake wakaja wengine mfululizo, na sisimizi wawili wakajiweka pembeni ya tundu wakichukua wanaochelewa.

Mti huu hauna kuyu changa hata moja lililo tayari kuwapokea. Lazima waende mti mwingine, na wana chini ya saa 48 za kuishi. Huko Namibia, kwenye mikuyu iliyotawanyika kando ya mto Ugab jangwani, watafiti walilinganisha vinasaba vya mbegu na vya miti, wakachapisha mwaka 2009: chavua ilisafirishwa wastani wa kilomita 88.6, na safari ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 160. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele hawezi kuruka umbali huo kwa mabawa yake. Hupanda juu, upepo ukamchukua, kisha hushuka anapopata harufu ya kuyu lililo tayari. Kwa hesabu hiyo, nyigu wa hapa akipata upepo mzuri anaweza kufika Natron au Babati.

Mwenye shamba la ndizi linalopakana na mti alikuja na kikapu. Alikuwa amesikia tangu jana kwamba kuna walimu wanaopasua makuyu.

"Watoto wangu wanakula haya kila siku," akasema. "Wanakula wadudu?"

"Hapana, mama. Likiiva vizuri ujue wameshatoka. Wanaobaki ni madume wachache waliokufa, na vinundu vitupu."

Nilimpasulia lililoiva, nikampa lenzi. Nilimwonyesha vinundu vilivyo wazi, kila kimoja na tundu lake, na kandokando ya ukuta mbegu za njano zilizojaa. Aliuliza kama mbegu hizo zingeota kwenye ukingo wa mfereji wake, ambako maji yamekula udongo. Mdogo wangu akamjibu kwamba tawi lingeshika haraka zaidi kuliko mbegu, lakini matawi yote ya mti mmoja yangetoa makuyu kwa majira ya mama yake, na nyigu wanaotoka wanahitaji mti ulio kwenye majira mengine. Wakakubaliana apande vyote viwili: tawi la kushika ukingo, na mbegu kwenye kitalu cha mifuko nyuma ya nyumba, za miti tofauti. Tumetumia mchana wote kuokota makuyu chini ya mikuyu mingine mitatu kando ya mto, tukaosha mbegu kwenye chujio la chai, tukazianika juu ya gazeti.